SOMO: KUPANGA CHAKULA NA HUDUMA ZA WAZEE KATIKA SHEHIA

Watendaji wa Serikali za Mitaa, Masheha, Madiwani na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba ukurasa huu safari hii umetengwa kwa somo moja tu, nalo ni namna ya kupanga huduma ya chakula kilichopikwa kwa ajili ya wazee, pamoja na huduma nyengine zinazofuatana nayo. Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hili si tangazo la mpango mpya wala ahadi ya fedha. Ni maelezo ya kazi yenyewe, ili pale Baraza la Mji, Manispaa au Halmashauri itakapoamua kuingia katika shughuli hii, iingie ikiwa inazijua hesabu zake, gharama zake na mitego yake.

Fedha na sahani

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa mzee aliyetimiza umri wa miaka 70 Pencheni Jamii, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimeongezwa tangu hapo. Mkulima wa karafuu wa Pemba na mama mlimaji wa mwani wa Paje, ambao hawakuwahi kukatwa mchango wa mfuko wowote, nao wakaingia katika daftari. Hilo ni jambo kubwa, na halipunguzwi na lolote litakalosemwa hapa.

Lakini fedha hununua mchele, haziupiki. Fedha haziteki maji, haziwashi moto, hazipari samaki wala hazikuni nazi. Mzee mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili anaweza kuwa na mchele ndani ya pipa na akalala na njaa kwa kuogopa kujiunguza. Bibi ambaye watoto wake wamehamia Dar es Salaam au Muscat hupokea simu kila Ijumaa na fedha kila mwezi, na bado siku sita za wiki hushindia chai ya rangi na kipande cha boflo, kwa kuwa kumpikia mtu mmoja kunamchosha kuliko njaa yenyewe. Na wapo wanaume, tena wengi, ambao maisha yao yote hawakuwahi kuinjika chungu. Akifariki mkewe, mzee wa namna hiyo huwa amefiwa na mke na mpishi kwa siku moja, na majirani humpelekea sahani hadi arubaini inapokwisha, kisha sahani hizo hupungua moja baada ya moja.

Huyu ndiye mtu anayekusudiwa na somo hili. Hayumo katika orodha ya mafukara, kwa sababu fedha kidogo anazo. Hayumo katika orodha ya wagonjwa, kwa sababu hajafika kituo cha afya. Anapofika, huwa ameshakonda, ameshaanguka na kuvunjika nyonga, au ameletwa na jirani akiwa hajitambui.

Mwili wa mzee unadai nini

Watu wengi hudhani kwamba mzee, kwa kuwa hafanyi kazi nzito, hahitaji chakula kingi. Ni kweli kwamba nguvu anazohitaji ni chache kuliko za kijana. Lakini mahitaji yake ya protini hayapungui, bali huongezeka, kwa sababu misuli ya mzee huyeyuka upesi na hujengeka kwa taabu. Wataalamu wa lishe ya uzeeni hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Bibi mwenye kilo 50 basi anahitaji gramu 50 hadi 60.

Tuipime chai na boflo kwa mizani hiyo. Vipande viwili vya mkate vina protini ya gramu tano hivi, na chai ya rangi haina kitu isipokuwa sukari. Bibi huyo akila hivyo asubuhi, mchana na jioni hajafika hata thuluthi ya haki yake. Kwa upande mwengine, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina gramu 20 na zaidi, bakuli la kunde au maharage lina gramu zipatazo 15, bilauri ya maziwa nane, na yai sita. Kwa hiyo sahani moja ya mchana yenye samaki na kunde, ikipangwa kwa akili, inaweza kubeba zaidi ya nusu ya deni la siku nzima. Ndiyo maana nchi zilizotangulia katika kazi hii hazikuhangaika kumpa mzee milo mitatu. Zilitafuta mlo mmoja mzuri unaofika kila siku.

Yapo mengine ya kuangaliwa. Kiu ya mzee hupungua hata pale mwili wake unapohitaji maji, hivyo atakaa siku nzima ya kaskazi bila kunywa na asihisi neno, na mara nyengine huacha kunywa kwa makusudi ili asihangaike kwenda chooni usiku. Ladha nayo hufifia, naye huongeza chumvi katika kila kitu, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya mtu mzima isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Ndimu, ukwaju, tangawizi na bizari huirejesha ladha bila ya kupandisha shindikizo la damu, na wapishi wetu hawahitaji kufundishwa habari za viungo.

Meno ni suala la peke yake. Pweza ni mtamu, lakini kwa mtu aliyebakiwa na meno manne ni adhabu, isipokuwa apondwe na kuchemshwa mpaka alainike. Samaki tasi anapendwa sana, lakini miiba yake si ya mtu asiyeona vizuri. Afadhali nguru au jodari aliyechambuliwa. Majimbi, shelisheli, ndizi mbivu na viazi vitamu vya kupondwa hufaa sana, na vyote hupatikana hapa hapa. Mzee aliyepatwa na kiharusi na ambaye hukohoa anapomeza apewe uji mzito badala ya vitu vyepesi kama mchuzi wa maji, alishwe akiwa amekaa wima, na asilazwe mpaka ipite nusu saa. Jambo hili dogo huzuia chakula kuingia katika mapafu, na mpelekaji chakula anaweza kulifundishwa kwa siku moja.

Yaliyotangulia, hapa na kwengineko

Kuwalisha wazee kwa utaratibu wa Serikali si jambo geni katika visiwa hivi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wazee wasiokuwa na watu walipatiwa makaazi Sebleni, na majina ya Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba, yanajulikana na kila mtu kwa habari hiyo hiyo. Makaazi hayo yalijibu suali la mzee asiyekuwa na nyumba wala jamaa. Suali la leo ni la mzee mwenye nyumba yake, minazi yake miwili mitatu, kaburi la mumewe nyuma ya uwanja, na asiyetaka kuhama kwa hali yoyote. Huyu hawezi kuletwa kwenye chakula, kwa hiyo chakula hakina budi kumfuata yeye.

Uingereza, huduma ya kupeleka chakula cha moto majumbani ilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, katika mji wa Hemel Hempstead, kwa mikono ya akina mama wa kujitolea. Sheria ya 1948 iliyaruhusu mabaraza ya miji kuzichangia fedha jumuiya zilizokuwa zikifanya kazi hiyo, na marekebisho ya 1962 yakayapa mabaraza hayo uwezo wa kupika na kugawa yenyewe. Tazama neno lililotumika: uwezo. Mabaraza yaliruhusiwa, hayakulazimishwa. Kwa miaka mingi huduma ilistawi, lakini katika miaka ya 2010, bajeti zilipobanwa, mabaraza mengi yaliifunga, kwani mkasi wa bajeti huanza na lile ambalo sheria haikulifanya kuwa faradhi. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo funzo kubwa la Uingereza, na linapita mambo yote ya masufuria na magari.

Marekani ilipita njia nyengine. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria maalumu ya wazee, na mwaka 1972 ikaongezwa sehemu ya lishe yenye fungu lake la fedha kutoka Serikali Kuu. Chini ya sheria hiyo kila eneo lina ofisi inayopanga huduma za wazee kwa maandishi, kwa kipindi cha miaka miwili hadi minne, na mpango wake hupelekwa juu kuidhinishwa. Anayestahiki ni mtu wa miaka 60 na zaidi, pamoja na mume au mke wake hata kama umri wake ni mdogo. Kila mlo hutakiwa ubebe angalau thuluthi moja ya mahitaji ya siku, na mlo hutolewa siku tano au zaidi kwa wiki, ila katika mashamba ya mbali ambako idadi hiyo haiwezekani.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba hakuna anayeulizwa kipato chake mlangoni. Kipaumbele kipo, kwa wenye dhiki zaidi na kwa walio peke yao, lakini hicho hufanywa wakati wa kupanga: kituo kiwekwe mtaa gani, nani atafutwe kwanza. Mzee akishakuja hapimwi umasikini wake mbele ya watu. Huombwa mchango wa hiari, huutia katika sanduku lililofungwa, na asiyekuwa nao hanyimwi chakula. Msomaji wa hapa ataifahamu mara moja hekima ya jambo hili. Mzee wa Kizanzibari aliyelelewa kwa haya atakufa na njaa yake kabla ya kusimama katika foleni iliyoandikwa juu yake neno "masikini". Lakini akiambiwa kwamba chakula hiki ni cha wazee wote wa shehia, na kwamba naye akitaka ataweka mia tano yake, atakuja amevaa kofia.

Kuhesabu kabla ya kupika

Hesabu ya watu na makaazi ya mwaka 2012 iliwakuta Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya 2022 iliwakuta 1,889,773. Takwimu hizo zinamfaa Waziri. Anayepanga chakula hutaka hesabu ya njia moja ya mchanga, yenye majina. Pa kuanzia papo, nalo ni daftari la Pencheni Jamii, ambalo humwonesha kila aliyefika miaka 70. Lakini daftari hilo lina mapengo mawili. Halimwoneshi mwenye miaka 66 aliyepooza, na haliwezi kueleza nani anampikia nani.

Kwa hiyo Sheha na wajumbe wake hawana budi kupita nyumba kwa nyumba, wakifuatana na mhudumu wa afya wa jamii ambaye tayari milango anaijua. Maswali yawe machache na ya moja kwa moja. Jana mchana ulikula nini? Nani alipika? Moto unawasha mwenyewe? Unafika msikitini au kwa jirani bila ya kushikwa mkono? Nani ataarifiwa ukiumwa? Swali la kwanza lina thamani kuliko yote. Ukimuuliza mzee kama anakula vizuri atasema alhamdulillahi. Ukimuuliza jana mchana alikula nini, atakueleza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shehia fulani ina wazee 112. Baada ya kupita nyumba zote, imeonekana kwamba 79 wanaishi na jamaa wanaowapikia na kula nao. Wamebaki 33. Kati yao, 19 wanaweza kutembea hadi mahali pa karibu, na 14 hawatoki nje ya uwanja wao. Mlo mmoja kwa siku tano za wiki ni milo 165. Mchele mkavu gramu 100 kwa kila mtu ni kilo 3.3 kwa siku, kilo 16.5 kwa wiki, na kilo 858 kwa mwaka. Mwenye kufanya hesabu hii huona kwamba jambo lililoonekana kubwa kama mlima kwa wazee 112 limekuwa sufuria moja ya wastani kwa 33.

Lakini asifurahi mapema. Mchele ndio sehemu rahisi. Kuna samaki au kunde, mboga, mafuta, nazi, mkaa au gesi, maji, sabuni, posho ya wapishi wawili, na mpelekaji mwenye baiskeli au vespa pamoja na mafuta yake. Kuna vyombo vyenye mfuniko vinavyohifadhi joto, jozi mbili kwa kila mzee, kwa kuwa kimoja kitabaki kwake mpaka kesho. Bajeti nyingi za namna hii huandikwa kwa bei ya chakula peke yake, kisha hushangaa mwezi wa pili pale chakula kinapokuwa kimeiva na hakuna wa kukibeba.

Wale 79 nao wasifutwe. Mkamwana anayepika anaweza kuugua, kujifungua au kusafiri, na mzee aliyekuwa salama mwezi wa Rajabu akawa hana mtu mwezi wa Shaabani. Daftari lipitiwe upya kila baada ya miezi mitatu, na Sheha awe na ruhusa ya kumwingiza mzee siku ile ile bila ya kusubiri kikao.

Kula pamoja au kupelekewa

Wale 19 wanaotembea wasipelekewe majumbani. Wakusanyike. Upweke huua hamu ya kula, na mzee anayekula na wenzake hula zaidi kuliko anayekula akiutazama ukuta. Aidha, wakikusanyika ni rahisi kwa muuguzi kuja mara moja kwa mwezi kupima shindikizo la damu, sukari na uzito, na kwa Afisa Ustawi wa Jamii kusikiliza mashauri ya vitambulisho, mirathi na malipo yaliyokwama. Uzito hasa uandikwe. Mzee anayepungua kilo mbili au tatu kwa miezi mitatu bila ya kukusudia ana jambo, hata kama anacheka.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa busara. Wanaume wana barza zao na hawatahangaika. Akina bibi hawakai barazani njiani, na kituo kikiwekwa barazani, daftari litajaa majina ya wanaume na mpangaji atadhani wanawake hawana shida. Uwa wa chuo cha Kur-ani wakati watoto hawapo, au nyumba ya bibi mmoja mwenye ukumbi mpana na anayeridhia, hufaa zaidi kwao. Choo kiwe karibu, kisiwe na ngazi, na kiwe na kitu cha kushikilia. Mtu anaweza kuona haya kuliandika jambo la choo katika waraka rasmi, lakini wazee wengi hawarudi mahali kwa sababu hiyo tu.

Jiko, joto na saa

Visiwa hivi vinayakumbuka maradhi ya kipindupindu yaliyoripuka mwaka 2015 na kuendelea 2016. Chakula cha pamoja kikipikwa vibaya huwadhuru watu thelathini kwa mpigo mmoja, na miili ya wazee haina akiba ya kupigana. Kanuni za Shirika la Afya Duniani ni chache na hazina gharama: mikono na vyombo vioshwe kwa maji salama na sabuni, kibichi kisichanganywe na kilichoiva, chakula kiive mpaka ndani, nyuzi joto 70, kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi joto 60, na kilichopikwa kisikae katika hewa ya kawaida zaidi ya saa mbili. Kipimajoto cha jikoni kiwemo katika orodha ya manunuzi ya kwanza.

Kwa hali ya hewa yetu, na kwa mapishi yetu ya tui, saa mbili ni ukomo wa kuogopwa, kwani mchuzi wa nazi hugeuka upesi. Kwa hiyo ratiba ipangwe kwa kurudi nyuma. Ikiwa mzee wa mwisho katika njia atafikiwa saa saba na nusu mchana, sufuria isiepuliwe kabla ya saa sita. Mpishi anayemaliza saa nne asubuhi ili awahi shughuli zake amewalisha wazee hatari, hata kama chakula chake ni kitamu. Mzee naye aelezwe kwamba kilichobaki asikiweke mpaka usiku bila ya kukichemsha tena vizuri.

Saa ina maana nyengine kwa wenye ugonjwa wa sukari. Mzee aliyemeza kidonge chake cha kushusha sukari asubuhi akitegemea chakula cha saa saba, kisha chakula kikaja saa kumi, anaweza kuanguka kwa kupungukiwa na sukari mwilini. Mpelekaji aanzie kwa hao, hata kama njia itakuwa ya kuzunguka.

Misimu

Mpango ulioandikwa mezani mwezi wa Januari hauijui masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia za udongo hujaa maji, baiskeli hukwama, na kuni haziwaki. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, vyombo vidogo havitoki na bei ya samaki hupanda. Bajeti yenye bei moja ya samaki kwa mwaka mzima itaishiwa mwezi wa Julai. Ni bora miezi hiyo iandikiwe dagaa wakavu, kunde, choroko, mbaazi na mayai tangu awali, na samaki wabichi waachiwe miezi ya bahari tulivu. Kwa wazee wa Tumbatu, Kojani na visiwa vidogo vyengine, kupika upande wa pili na kuvusha kwa mashua ni kujidanganya. Jiko liwe huko huko, na kinachovushwa kiwe mchele na kunde mara moja kwa mwezi.

Ramadhani ina mpango wake. Mwezi huo vyakula huwa vingi, futari hupishana njiani, na mzee mmoja hupata sahani tatu kwa jioni moja. Ukaja mwezi wa Shawwal, mlango ule ule haubishwi. Halmashauri inaweza kuzungumza na misikiti, wafanyabiashara na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili sehemu ya sadaka ya mwezi huo ipokelewe kwa stakabadhi na itawanywe katika miezi kumi na mmoja iliyobaki. Na kwa mchana wa Ramadhani, wapo wazee ambao kwa maradhi hawafungi. Hao wapelekewe chakula chao kwa sitara, bila ya maneno, na wasitolewe katika orodha kwa kudhaniwa.

Fungu la fedha na daftari

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kila mtendaji anajua kwamba kuidhinishwa kwa fungu na kuingia kwa fedha ni mambo mawili mbalimbali, na kati yake huweza kupita wiki kadhaa. Kwa ujenzi wa banda la soko, wiki hizo ni usumbufu. Kwa huduma hii ni njaa, tena kwa watu walioacha kujipikia kwa kututegemea sisi. Shehia isianze kabla ya kuwa na akiba ya kuiendesha kwa miezi miwili isiyoguswa kwa jambo jengine lolote, na wapishi walipwe kila wiki. Mpishi aliyekopwa miezi mitatu hupika kwa siku chache kwa imani, kisha hupunguza samaki, kisha haji. Ni afadhali kuwalisha watu 20 mwaka mzima kuliko watu 60 hadi mwezi wa Oktoba.

Kwa kuwa Uingereza imetufundisha tofauti ya kuruhusiwa na kulazimishwa, Madiwani wasiridhike na fungu linaloitwa "mengineyo". Huduma ikishathibiti, iandikwe kwa jina lake katika mpango wa Halmashauri, na ikiwezekana itungiwe sheria ndogo, kwa kuinasibisha na sheria ya mwaka 2020 inayohusu mambo ya wazee. Fungu lenye jina hutetewa kikaoni; fungu lisilo na jina huhamishwa kwa kalamu.

Daftari la kila siku liwe na safu nne tu: waliopikiwa, waliokula, vyombo vilivyorudi na chakula ndani yake, na waliobishiwa mlango wasiitike. Safu ya tatu itamwambia mpishi ukweli ambao wazee, kwa adabu, hawatamwambia. Safu ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mpelekaji akibisha hodi mara tatu na asipate jibu, asikiache chakula mlangoni akaenda zake. Amuulize jirani. Ikiwa jirani hajui, asubiri hapo hapo na ampigie simu Sheha au mjumbe aliye karibu. Mlango ufunguliwe mbele ya watu wawili, mmoja wao awe mwanamke ikiwa ndani yumo bibi. Mzee akikutwa ameanguka asinyanyuliwe kwa pupa. Afunikwe, azungumzishwe, na gari ya kituo cha afya iitwe. Akikutwa salama, amelala tu au amekwenda kuzuru jamaa, mpelekaji asimlaumu, wala siku ya pili asione uvivu kubisha tena. Kwa sababu hiyo, nambari ya simu ya jirani na jina la anayeweka ufunguo wa akiba viandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, mbele ya jina la mzee mwenyewe, siku ile ile anayoandikishwa.